MAJUTO BAADA YA KUNUNUA, NA FADHILA YA KUTENGUA MAUZO

 

 

Mazungumzo ya leo si ya sala wala ya saumu, ingawa asiyejua hukumu zake aweza kuyaingiza madhara katika zote mbili. Ni mazungumzo ya soko, na khasa ya mtu anunuaye kitu kikubwa kwa furaha, kisha usiku wa pili akakosa usingizi. Kitu kilichochaguliwa kuwa mfano ni gari la pikapu, lile la ukubwa wa kati, jipya kutoka dukani. Katika miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Bujumbura hata Rumonge na Nyanza-Lac, ni vitu vichache vinavyotamaniwa na mfanyabiashara wa kadiri kama hicho, na ni vichache vinavyojutiwa kama hicho.

Mfano wenyewe ni huu. Yuko mtu mwenye biashara ya mawese. Huyanunua Rumonge, huyatia katika madumu ya lita 20, na kuyapeleka Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 75, akayauza Buyenzi na kwingineko. Alikuwa na pikapu kuukuu ya milango miwili. Rangi yake imebabuka na kiti chake kimechanika, lakini ilikuwa haidaiwi na mtu. Jirani yake akaleta jipya. Watoto wa mtaa wakalizunguka, watu wazima wakalisifu, na tangu siku ile yule mwenye mawese akaanza kuiegesha ile yake upande wa pili wa nyumba. Haikupita miezi miwili akaiuza, akatoa robo tatu ya rasilimali yake, na salio akakubaliana na mwenye duka kulilipa kwa miezi 24. Akaja na pikapu nyeupe ya milango minne, viti vyake vingali vimefunikwa nailoni. Ikachinjwa mbuzi, ikasomwa dua. Siku ya tisa akapakia mawese.

Siku hiyo ndipo majuto yalipoanza, na yafaa kuelezwa kwa nini, maana watu wengi hudhani mwenye kujutia gari jipya ni mtu asiye na shukrani.

Magari ya namna hii, mfano wa Toyota Hilux ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968, na wenzake Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 na Ford Ranger, yametengenezwa kuchukua mzigo wa kadiri ya tani moja. Lakini yako ya milango miwili na yako ya milango minne, na urefu wa gari zima hautofautiani sana. Basi nafasi waliyopewa abiria wa nyuma imetolewa wapi? Imetolewa katika nafasi ya mzigo. Sehemu ya mizigo ya gari la milango miwili huwa na urefu wa mita 2.3 hivi, ile ya milango minne huwa mita 1.5 na kidogo. Dumu moja la lita 20 za mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Madumu 50 ni kilo 900, na gari lina nguvu ya kuyachukua. Lakini chini hapana nafasi ya kuyasimamisha hata 30. Yanayobaki hapana budi yapandishwe juu ya wenzake na kufungwa kamba, na dumu la chini likipasuka, mawese hutiririka juu ya rangi ile nyeupe iliyosomewa dua.

Tena gari lililoundwa kwa tani moja huwa na springi ngumu. Likiwa tupu hurusharusha watu. Mama mzazi wa yule bwana alipandishwa nyuma kwa heshima, akapelekwa harusini, na aliporudi akasema kuwa safari ya pili atapanda basi. Ajabu ya gari hili ni kwamba lilimpendeza kila mtu isipokuwa waliopakiwa ndani yake.

Likaja na jambo la mafuta. Injini za dizeli za zamani zilikuwa zikivumilia. Hizi za sasa husukuma mafuta kwa nguvu nyingi mno, hata kuzidi bar 2,000 katika injini nyingine, kupitia nozeli zenye matundu membamba kama ncha ya sindano. Maji kidogo au mchanga kidogo huziharibu. Na baadhi ya magari haya, kwa kadiri ya nchi yaliyokusudiwa kuuzwa, yana chujio la masizi katika bomba la moshi, ambalo hujisafisha kwa kuunguza masizi hayo pale gari linapokwenda mwendo mrefu kwa moto wa kutosha. Ukilizungusha sokoni tu, huziba. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliafikiana kutumia dizeli safi yenye salfa ndogo kuanzia mwaka 2015, na hilo lilikuwa jema. Lakini dizeli ikiwa safi bandarini haina maana kuwa ni safi katika dumu la kando ya njia. Burundi ilipopatwa na uhaba mkubwa wa mafuta mwaka 2022, na tena mwaka 2024, watu walinunua walichokipata, popote walipokipata. Pikapu kuukuu ingekohoa ikaendelea. Hii mpya ikawasha taa nyekundu. Na mafundi wa Buyenzi, ambao sifa yao ya ufundi imeenea nchi nzima, wakamwambia yule bwana kuwa kwanza atafute mwenye kompyuta ya kulisoma gari.

Basi amekaa, ana deni la miezi 24 na gari analoliogopa kulipakia. Na mnajua lililompitia moyoni? Lilimpitia jambo la kuliosha vizuri, kulipeleka Gitega, na kumwambia mnunuzi wa huko kuwa analiuza kwa sababu anasafiri.

Hapo mambo ya gari yamekwisha na mambo ya dini yameanza.

Sharia haikumwacha mnunuzi bila msaada. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wa pwani na wa maziwa haya, mnunuzi ana milango mitatu. Wa kwanza ni khiyari ya kikao: maadamu muuzaji na mnunuzi hawajaachana pale walipouziana, kila mmoja ana haki ya kurudi nyuma, wala haulizwi sababu. Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa hawauoni mlango huu kama wanavyouona Shafi na Ahmad bin Hanbal. Lakini hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, nao wanaoishi kwa madhehebu ya Shafi hawana udhuru wa kutoitumia. Na wangapi huitumia? Watu huandikiana, hupeana mikono, na mnunuzi hutoka mbio kama aliyeiba, kwa hofu ya kuwa muuzaji atabadili shauri. Lau angekaa pale nusu saa akanywa chai na kulitazama gari lililokuwa lake tayari, huenda akaona kimo cha ile sehemu ya mizigo.

Mlango wa pili ni khiyari ya sharti. Alikuwako sahaba aliyekuwa akipunjwa sana sokoni, naye atajwa kuwa ni Habban bin Munqidh. Mtume (s.a.w.) alimfundisha aseme wakati wa kununua kuwa pasiwe na hadaa, na katika mapokezi mengine akapewa siku tatu za kufikiri. Kwa ajili hiyo Mashafi wamesema mtu aweza kuweka sharti la siku tatu zisizozidi. Mahanbali wameruhusu zaidi, maadamu muda unajulikana. Siku tatu si chache. Mwenye mawese angeweza kumwambia mwenye duka, mbele ya mashahidi, kuwa amelinunua kwa sharti la siku tatu, na kumwomba idhini ya kulijaribu kwa madumu. Angepata jawabu lake siku ya kwanza, kabla ya mbuzi kuchinjwa. Hakuomba, kwa sababu aliona haya. Haya ni tabia njema, lakini katika kununua huwatajirisha wengine.

Mlango wa tatu ni khiyari ya aibu, yaani dosari iliyokuwamo katika kitu kabla mnunuzi hajakipokea, ikapunguza thamani yake au manufaa yake, naye hakuijua. Kwa mfano, gari limeuzwa kwa jina la jipya, kumbe limewahi kupinduka na kunyooshwa. Hapo anayo haki ya kulirudisha na kupewa fedha zake zote. Lakini wanazuoni wameweka sharti, na wengi huanguka hapa: arudishe upesi mara ajuapo. Akiendelea kulitumia, ameridhika. Vitabu vya fiqhi vimetaja mtu aliyenunua mnyama wa kupanda, akagundua ila: akimpanda kwa shughuli zake, haki imepotea, ila kama ni mnyama mkorofi asiyekokoteka, aruhusiwa kumpanda kwa njia ya kumrudisha tu. Badilini mnyama kwa gari, hukumu haibadiliki. Mtu asemaye kuwa gari lina ila tangu mwanzo, naye amekwisha kwenda nalo Rumonge na kurudi mara kumi, ameiharibu kesi yake kwa magurudumu yake mwenyewe.

Sasa mwenye mawese ana mlango gani? Kikao kimekwisha. Sharti hakuweka. Na udogo wa sehemu ya mizigo hauitwi aibu, kwa kuwa ulionekana kwa macho. Ugumu wa springi hauitwi aibu, kwa kuwa ndivyo gari lilivyoundwa. Na nozeli zimeharibiwa na dumu la kando ya njia, si na mwenye duka. Kisharia hana haki ya kudai. Majuto peke yake hayavunji mauzo, na lau yangevunja, pasingekuwapo soko duniani.

Lakini umebaki mlango mmoja, ambao ufunguo wake hauko mkononi mwake bali uko mkononi mwa muuzaji. Unaitwa iqala, yaani kutengua mauzo kwa hiari. Abu Huraira (r.a.) amepokea, katika Abu Daud na Ibn Majah, kuwa Mtume (s.a.w.) amemwahidi mwenye kumtengulia Muislamu mauzo yake kwamba Mwenyezi Mungu atamwondolea naye kuteleza kwake. Wanazuoni wameitaja hadithi hii kwa mtu aliyejuta, wala si kwa aliyedanganywa. Aliyedanganywa ana haki, na kumpa mtu haki yake ni deni. Fadhila hupatikana kwa yule asiyekuwa na haki, anayesimama mlangoni pa duka ameinamisha kichwa, akijua kuwa ukimwambia la, umesema kweli.

Yafaa wenye maduka waisikie hukumu hii vizuri, kwa sababu wengi wao husema kuwa wanatengua, kumbe wanafanya biashara nyingine. Kwa Mashafi, iqala ni kuvunja mauzo ya kwanza, si mauzo mapya. Basi fedha hurudi zile zile na kitu hurudi kile kile, bila kuzidisha wala kupunguza. Muuzaji akisema, "Nitakurudishia, ila nakata sehemu," hiyo si iqala. Ni mauzo mapya, na hapana ubaya kuwa hivyo, mradi yaitwe kwa jina lake na bei yake ipatane. Gari jipya lililokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu na kwenda njiani halina tena bei ya jipya, na muuzaji halazimiki kuibeba khasara hiyo yote. Akiibeba, ujira wake ni mkubwa. Asipoibeba, hana lawama.

Hapa pana mtego mmoja. Ikiwa deni la awali lingalipo, na muuzaji akalinunua gari lile lile kwa fedha taslimu pungufu ya alilouzia, jambo hilo lakaribia kuwa ina, ambayo wanazuoni wengi wameiharamisha kwa sababu mwisho wake ni fedha kwa fedha zaidi, na gari limepita katikati kama kivuli. Mashafi huyahesabu mauzo hayo kuwa sahihi kama hayakusharutishwa tangu mwanzo, lakini huyachukia. Mahanbali wamesema kuwa ikiwa kitu chenyewe kimepungua kwa kutumiwa, basi si vibaya bei kupungua kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo njia iliyo salama ni kuita watu wawili wajuao magari, wasio jamaa wa yeyote, wakadirie kilichopungua, na kukata hicho tu.

Wala asione mwenye duka kuwa anaombwa jambo geni. Jabir bin Abdillahi (r.a.) alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia aliyechoka. Mtume akamnunua ngamia yule kwake, na Jabir akaweka sharti la kumpanda hadi Madina. Walipofika, Jabir akampeleka ngamia, akalipwa bei yake. Alipogeuka kwenda zake akaitwa, akapewa na ngamia vile vile. Mnunuzi alitoa bei na akakirudisha kitu. Hiyo si hukumu ya wajibu juu ya mtu yeyote. Ni kipimo cha upana wa moyo katika mambo ya vyombo vya safari.

Turudi kwa lile lililompitia moyoni yule bwana, la kwenda Gitega. Ni halali kwake kuliuza gari lake kwa amtakaye na kwa bei watakayopatana. Je, ni lazima amwambie mnunuzi kuwa amejuta? La. Majuto yake si ila ya gari. Huenda mnunuzi wa Gitega ana watoto sita na hana dumu hata moja, na gari hilo likamfaa kabisa. Lakini nozeli zilizoingia maji ni ila, na ni lazima azitaje. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta maji, na muuzaji akasema kuwa ni mvua. Hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa; alikemewa kwa kuiweka chini ya iliyo kavu. Taa nyekundu iliyozimwa na fundi kwa saa mbili, ili mnunuzi alijaribu gari, ni maji chini ya nafaka kavu. Na akitaja sababu ya kuuza, awe mkweli. Akitaja na bei aliyonunulia, aitaje ile ile, kwa kuwa mnunuzi huiamini na kujengea juu yake. Imepokewa kuwa Jarir bin Abdillahi (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwona anastahili zaidi, akaenda kwa mwenyewe, akampandishia bei hadi 800, kwa kuwa aliahidiana na Mtume kumtakia kheri kila Muislamu.

Mwenye deni ana hatari iliyozidi hii. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga na deni katika sala yake, alipoulizwa kwa nini, alieleza kuwa mwenye deni husema akaongopa, na huahidi akavunja. Wala si kwamba kununua kwa malipo ya polepole ni haramu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Jeddah mwaka 1990, ilikubali kuwa bei ya malipo ya polepole yaweza kuzidi bei ya taslimu, maadamu imekatwa moja kabla ya kuachana, na ikakataza kumwongezea mtu deni kwa sababu amechelewa. Riba ni jambo jingine, na aliyekopa kwa riba ili anunue gari amejuta kabla hajawasha injini, ajue asijue. Lakini hata deni la halali, kila mwisho wa mwezi, humfundisha mtu maneno ambayo zamani hakuwa akiyajua: "Nipo njiani", "Nimekutana na msiba", "Njoo Jumatatu."

Yule mwenye mawese hakwenda Gitega. Alikwenda kwa mwenye duka pamoja na wazee wawili wa msikiti, akaeleza mambo kama yalivyo, na taa nyekundu akaitaja yeye mwenyewe. Mwenye duka hakumrudishia fedha zote. Wakaitwa mafundi wawili, wakakadiria upungufu wa gari na gharama ya nozeli, ukakatwa. Na katika ua wa duka lile palikuwa na pikapu ya milango miwili, iliyotumika miaka minne, ambayo ilikuwa imesimama bila mnunuzi. Akaichukua hiyo kwa mauzo mapya, na katika miezi 24 ya deni ikabaki 7. Safari hii aliomba siku tatu, na siku ya kwanza akapakia madumu 50.

Jirani yake angali na lile lake la milango minne, jeupe, lenye kung'aa. Mzigo wake huupeleka Bujumbura kwa gari la kukodi.